Pumba za Bugarama: mali inayoungua nyuma ya mashine

 Nazungumza nanyi mlioko Ruhwa, hapa mpakani mwa Rwanda na Burundi, na mlioko Bugarama, Muganza na Kamembe. Pia nanyi majirani zetu wa Cibitoke, ng'ambo ya mto, nanyi wa Kamanyola, Bukavu na Uvira.  Vuta kiti usogee karibu na redio, na mama uliye jikoni ongeza sauti kidogo, maana leo maneno yangu yatafika mpaka kwenye jiko lako.

Naanza na swali. Ukipeleka mashineni gunia la mpunga la kilo 100, unarudi nyumbani na nini?

Utaniambia: mchele. Sawa. Mchele ni kilo 65 hivi, pengine zaidi kidogo mashine ikiwa nzuri. Ipo na pumba laini, ile ya unga unga, ambayo wenye kuku na nguruwe wanaigombania. Zipo na chenga. Je, kilichobaki kiko wapi? Ganda la nje la mpunga, lile gumu, ni karibu kilo 20 katika kila kilo 100. Narudia, kilo 20 katika kila 100. Ulilipanda wewe, ukalipalilia, ukalivuna, ukalilipia usafiri hadi mashineni. Kisha ukaliacha huko.

Hilo ganda gumu ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Kila nikitaja pumba, elewa nazungumzia ganda hilo la nje.

Tuzunguke nyuma ya mashine pamoja. Mbele kuna mizani, magunia na watu wanaopanga bei. Nyuma kuna bomba linalotema pumba mchana kutwa, na chini ya bomba kuna rundo lililopanda juu kuliko paa. Chukua pumba moja uiweke kiganjani. Ni nyepesi, ya rangi ya dhahabu iliyofifia, imejikunja kama mtumbwi mdogo, na ukiipitisha kidole utahisi inakwaruza. Ng'ombe haitaki. Mvua ikiinyeshea haiozi upesi. Ikikaa mwaka mzima, bado utaikuta pumba. Basi mwenye mashine afanye nini? Anaitia moto. Rundo huungua kwa ndani siku nyingi, juu jeusi, katikati jekundu, na moshi unaingia kwenye nyumba za jirani na kwenye vifua vya watoto. Upepo ukigeuka, majivu yanaangukia mifereji ya mashamba.

Kwa nini pumba haiozi? Jibu la swali hili ndilo mzizi wa mazungumzo yetu. Mpunga ni mmea unaofyonza silika kutoka kwenye maji ya shamba. Silika ni kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga na kwenye kioo. Mmea unaipandisha kwenye majani, na kwa wingi unaiweka kwenye ganda la punje, kuilinda na wadudu na ukungu. Kwa hiyo ukichoma kilo 20 za pumba, zinabaki kilo 4 hivi za majivu, na sehemu kubwa kabisa ya majivu hayo, karibu tisa ya kumi, ni silika. Hakuna zao lingine la kawaida katika bonde letu la Bugarama linalotupa majivu ya namna hiyo.

Sasa nisikilize vizuri. Pumba ina mali mbili ndani yake: ina moto, na ina majivu. Aliyejipanga huchukua vyote viwili. Rundo linaloungua nyuma ya mashine linapoteza vyote viwili kwa mpigo.

Tuanze na moto. Nguvu ya joto iliyomo kwenye kilo moja ya pumba ni takriban nusu ya ile ya makaa ya mawe mazuri. Si haba hata kidogo. Huko Kasese, magharibi ya Uganda, kiwanda cha saruji cha Hima kwa miaka mingi kimekuwa kikilisha tanuri lake maganda ya kahawa na pumba za mpunga. Na kilifanya jambo ambalo mimi nalipenda sana: kiligawia wakulima miche ya kahawa. Hebu fikiri, kiwanda cha saruji kinagawa miche! Kilifanya hesabu kikaona kwamba kahawa ikistawi, maganda nayo yataongezeka. Mkulima akapata soko la buni, na ganda nalo likapata mwenyewe. Tena kwenye tanuri la saruji hakuna jivu la kutupa, kwa kuwa majivu ya pumba huchanganyika humo humo na mawe yanayoiva, yakawa sehemu ya saruji.

Hapa Rwanda, kule Mukunguri, wilaya ya Kamonyi, kiwanda cha kukoboa mpunga kilijifunza kuzikandamiza pumba kwa mashine zikawa vipande vigumu vya kuni. Vipande hivyo vinaingia kwenye majiko makubwa, yale ya shule na ya taasisi, yanayomaliza miti ya kijiji kwa muhula mmoja. Mama, uliye na jiko dogo la nyumbani, nawe una sehemu yako. Mfilipino mmoja, mhandisi Alexis Belonio, alitengeneza jiko la pumba linalotoa mwali wa bluu karibu na ule wa gesi, na mwaka 2008 akatunukiwa kwa kazi hiyo na mpango wa tuzo za Rolex. Jiko lake halikuwa na mambo makubwa: bati, kifeni kidogo, na mtu aliyejua hewa ipite wapi.

Na wafyatua matofali wa wilaya yetu ya Rusizi, je? Hao wana njia ambayo mimi naiona bora kuliko ya kutia pumba motoni moja kwa moja. Pumba huchanganywa na udongo kabla tofali halijafyatuliwa. Tofali likiingia tanurini, pumba zinawaka zikiwa ndani ya tofali lenyewe. Udongo unaiva kutoka ndani, kuni zinapungua, na mahali palipokuwa na pumba panabaki vitundu vidogo vinavyolifanya tofali liwe jepesi na nyumba isishike joto kali. Wale mliokutana na mradi wa PROECCO, uliofadhiliwa na Uswisi katika nchi zetu hizi za Maziwa Makuu, mnayajua mambo haya: maganda ya kahawa, pumba, unga wa mbao, vyote vilipata kazi kwenye matofali. Hapa takataka ya chakula imegeuka ukuta.

Lakini mimi, wasikilizaji, moyo wangu uko kwenye majivu.

Miaka ya 1970, profesa mmoja aitwaye Povindar Kumar Mehta, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alichunguza majivu ya pumba za mpunga, akaonyesha kwamba yakichomwa sawasawa yanaweza kushika nafasi ya sehemu ya saruji ndani ya zege. Wajenzi wa Roma ya kale walikuwa wakichanganya chokaa na majivu ya volkano, na kuta zao bado zimesimama. Majivu ya pumba yanafanya kazi ya aina hiyo. Silika inakutana na chokaa na maji, vinashikana, vinakuwa jiwe. Ukibadilisha sehemu 1 katika 10 ya saruji, au hata 1 katika 5, kwa majivu mazuri yaliyosagwa laini, unapata zege imara, na mara nyingi isiyopitisha maji kirahisi.

Mnaona uzito wake? Saruji inatokana na kuchoma mawe ya chokaa kwenye joto linalofika nyuzi 1,450 hivi. Joto hilo linagharimu, na moshi wake ni mzigo kwa dunia nzima. Kila mfuko ambao sehemu yake ni majivu ya pumba ni mawe yaliyobaki mlimani na makaa ambayo hayakuagizwa kutoka mbali.

Nimesema "yakichomwa sawasawa". Narudia, yakichomwa sawasawa. Hapo ndipo watu wengi wanapoangukia. Majivu ya rundo lile la nyuma ya mashine hayafai, au yanafaa kidogo tu. Kwa nini? Kwa sababu pumba iliyokosa hewa inabaki nyeusi, imejaa kaboni. Na ile iliyopata joto la kupita kiasi, juu ya nyuzi 700 au 800 kwa muda mrefu, silika yake inajipanga, inakuwa fuwele ngumu, haitaki tena kushikana na chokaa. Tena vumbi la fuwele hizo ni hatari kwa mapafu ya anayelivuta. Jivu zuri ni lile la kijivu hafifu. Jeusi, bado halijaiva. Jeupe sana au lenye wekundu kwa mbali, limeiva kupita kiasi. Kijana anayetaka kuanzisha biashara hii asianze kwa kununua mashine ya kusaga. Aanze kwa kujifunza kuongoza moto: hewa kiasi gani, tabaka la pumba unene gani, muda gani. Na avae barakoa nzuri inayozuia vumbi laini.

Kisha kuna suala la usafiri. Pumba ni nyepesi mno. Lori linalobeba tani 10 za mchele, ukilijaza pumba halifiki hata tani 3. Ukiamua kuzipeleka Kigali, safari ya kutwa kupitia msitu wa Nyungwe, utakuwa unalipia mafuta ya kusafirisha hewa. Kwa hiyo biashara ya pumba haina budi kukaa karibu na mashine, na mnunuzi wake asiwe mbali. Sasa niambieni, ni wapi Rwanda hii ambapo mpunga, mawe ya chokaa na kiwanda cha saruji viko bonde moja? Ni hapa kwetu. CIMERWA iko Muganza, imekuwa ikitoa saruji tangu 1984, na mwaka 2015 ilizindua kiwanda kipya chenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka. Leo mwenye hisa nyingi ni kampuni ya Kenya, National Cement. Mashamba ya mpunga unayaona ukiwa umesimama barabarani. Chokaa imo kwenye vilima vyetu. Pumba za Bugarama zina nafasi ambayo pumba za sehemu nyingine zinaitafuta hazijaipata.

Msinielewe vibaya, sisemi kila pumba iende kwenye saruji. Wajapani tangu zamani wanazichoma pumba nusunusu, zikabaki makaa meusi laini, wakayatia kwenye vitalu vya miche. Makaa hayo yanafanya udongo upitishe hewa, yanashika unyevu, na silika inarudi shambani ilikotoka. Kwa chama cha ushirika chenye vitalu, hiyo ni kazi ya wiki hii hii, bila mkopo wowote. Kampuni kubwa zina njia zao pia: mwaka 2014 Goodyear ilitangaza kwamba itatumia silika ya majivu ya pumba kwenye matairi ya magari. Pumba zimefika kwenye tairi!

Hapo naomba nitoe tahadhari moja. Mtu akikujia na sahani au kikombe akakuambia, "Hiki kimetengenezwa kwa pumba, ni asili tupu," muulize: na gundi yake? Pumba haijishiki yenyewe, na ngozi yake ya nta hukataa gundi nyingi. Mfano upo: kuna vyombo vya unga wa mianzi ambavyo mwaka 2020 taasisi ya Ujerumani inayochunguza usalama wa chakula, BfR, ilivitolea onyo, kwa sababu vilikuwa vimeshikwa kwa plastiki ya melamini, na chai ya moto ilikuwa inaichomoa kemikali yake. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja. Basi tusiirudishe plastiki mezani ikiwa imevaa pumba. Ukuta, tofali, kitalu, tanuri, huko pumba ina kazi tele. Sahani ya mtoto isubiri ipimwe.

Sasa nifike kwenye jambo lenye uzito zaidi, na hapa naomba wazee wa vyama vya ushirika wanisikilize kwa makini. Pumba ni za nani?

Mkulima analeta mpunga. Analipa kukobolewa, au anauza mpunga ungali na ganda. Kwa mazoea, pumba zinabaki kwa mwenye mashine, na kwa muda mrefu hakuna aliyelalamika, maana zilikuwa kero na mwenye mashine ndiye aliyebeba kero hiyo. Siku zikipata bei, mazoea hayo yatageuka kuwa haki. Atakayekuja na lori na fedha atazungumza na mwenye mashine peke yake, na mkulima atakuja kujua baadaye kwamba moja ya tano ya uzito wa mavuno yake ina soko ambalo hakuitwa kwenye meza yake. Je, ni dhambi mwenye mashine kupata? Hapana. Ana umeme wa kulipia, ana uwanja, ana moshi wa kuondoa. Lakini mkataba unapoandikwa au kuandikwa upya, kipengele cha pumba kiwemo. Zigawanywe vipi, au ada ya kukobolea ipunguzwe kiasi gani kwa ajili yake. Kiandikwe sasa, wakati pumba bado ni rahisi na hakuna anayezigombania. Mapatano ya kitu kisicho na bei hufanywa kwa nusu saa. Cha bei kubwa kinakwenda mahakamani.

Mnakumbuka Agosti 2024? Rais Kagame, siku alipokuwa akipokea viapo vya Waziri Mkuu na wabunge, alilizungumzia hadharani suala la wakulima wa Bugarama waliokuwa wamevuna mpunga ukakosa mnunuzi. Mpunga wetu ulikuwa umeanikwa chini, umekaa. Baada ya hapo wanunuzi walipatikana. Mimi nilijifunza kwamba mkulima mwenye kitu kimoja cha kuuza yuko mikononi mwa soko moja. Na mpaka wetu huu tunaujua: Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu nasi Januari 2024, na kabla ya hapo korona ilikuwa imetufungia. Mama aliyezoea kuvuka Ruhwa na kikapu anajua maana yake kuliko mtaalamu yeyote. Pumba hazitamaliza shida ya bei ya mpunga. Hilo nisiwadanganye. Lakini mnunuzi wa pumba yuko ndani ya bonde, hahitaji mpaka ufunguliwe, na fedha yake, hata ikiwa ndogo, inaingia msimu uleule.

Wapo wengine wa kuwafikiria. Mama anayefuga kuku anachukua pumba za kutandika bandani, bure. Kijana wa matofali naye anajaza magunia yake, bure. Kiwanda kikubwa kikianza kununua, hao ndio watakaokuta geti limefungwa. Nasema wazi, mpango wowote wa pumba utakaowanyang'anya hao si mpango mzuri, hata ukipambwa vipi. Sehemu fulani ya rundo iachwe kwa ajili ya majirani. Ushirika unaweza kuliamua hilo kwenye mkutano mmoja.

Wenzetu wa kahawa, sijawasahau, ingawa leo nawapitia haraka. Rusizi na Nyamasheke zina vituo vingi vya kuosha kahawa, na kila kituo kinaachwa na mlima wa nyama nyekundu za tunda na maji makali yasiyofaa kushuka mtoni. Nyama hiyo inatengeneza mboji nzuri ikichanganywa na samadi na kugeuzwa mara kwa mara. Ganda kavu la ndani, lile linalotoka kiwandani mwishoni, ndilo ndugu wa pumba, na linawaka vizuri. Kisumu nako, ngozi za sangara zilizokuwa zikioza nje ya viwanda vya minofu zinatengenezwa ngozi ya viatu na mikoba. Bukavu, machicha ya kiwanda cha bia yalikuwa yakinenepesha nguruwe. Kila mahali aliyefaulu ni yule aliyekwenda nyuma ya kiwanda kwanza, kabla ya kwenda benki.

Kabla sijawaaga, nina kazi ya kuwapa, hasa ninyi walimu wa sayansi na vijana wa ushirika. Chukueni majivu ya pumba sehemu tatu tofauti: juu ya rundo, katikati, na kutoka kwenye jiko dogo mlilolichomea wenyewe kwa moto wa polepole wenye hewa. Kila jivu lisagwe kwenye kinu mpaka liwe laini, huku mmevaa barakoa za kuzuia vumbi laini. Pimeni kopo 1 la chokaa kwa makopo 2 ya jivu, mwage maji kidogo kidogo, mfinyange donge. Msishike chokaa kwa mikono mitupu, maana inachoma. Donge likae kwenye mfuko wenye unyevu wiki moja, kisha mlitumbukize kwenye ndoo ya maji mliache humo. Donge lenye jivu baya litamomonyoka. Lenye jivu zuri litazidi kukaza ndani ya maji yenyewe, na baada ya wiki tatu nyingine ukucha hauliingii.

Andikeni kila donge limetoka jivu la wapi na la rangi gani, halafu mtuletee majibu hapa studio kupitia viongozi wa ushirika wenu. Tutayasoma hewani, na tutamwalika fundi wa ujenzi aje kuyagonga madonge hayo mbele yenu nyote.